Namba inayogoma kugawanyika

2147483647. Hii namba imenikaa kichwani wiki nzima na aliyeileta ni mtoto wa dada, alikuwa anasogeza tarehe mbele kwenye kisimu changu cha zamani ili gemu limuongezee maisha, akaja analalamika anko mbona mwaka unagoma 2037.

Iko hivi, mashine nyingi zinahesabu muda kwa sekunde toka tarehe 1 Januari 1970 (kwa saa zetu ilikuwa saa 9 usiku), na zile za zamani nafasi ya kuhesabia inaishia kwenye namba hiyo hapo juu. Sekunde zitajaa tarehe 19 Januari 2038 saa 12 na dakika 14 asubuhi, Dar kumeshakucha ila huku Kigoma bado giza, na mashine ambayo haijarekebishwa itaruka kurudi Desemba 1901. 1901 jamani! Hata reli ilikuwa haijafika huku, imekuja kufika 1914.

Lakini mimi kilichoniteka sio saa, ni kwamba hii namba ni tasa. Ichukulie kama dagaa pale Kibirizi, ugawe mafungu yaliyo sawasawa, mengi utakavyo, lazima kitu kibaki, labda uweke fungu moja tu au dagaa mmoja mmoja. Nimejaribu kwa peni na karatasi, kwa 3 inabaki 1, kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 1 tena, nikaanza kunogewa, 13 ikavuruga ikabaki 10.

Ukitaka uhakika kwa njia hii inabidi ujaribu kila namba tasa mpaka 46,340, ni zaidi ya 4,700 hizo, nani ana muda huo. Mwanahisabati Euler alimaliza kazi mwaka 1772, kule St. Petersburg, na macho yakiwa karibu yameisha kabisa. Alichofanya ni kuchuja kwanza. Hii namba ni 2 zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe 31 halafu ukatoa 1, sasa kwa namba hii, chochote kinachoigawa lazima ukikigawa kwa 248 kibaki 1 au 63. Basi! Zinazobaki za kujaribu hazifiki hata 400, ya kwanza iliyo tasa ni 311, na zote zinagonga mwamba. Hapo ndo namvulia kofia mzee, maana kugawa gawa hata kalkuleta inaweza, ila kujua zipi usihangaike nazo ni kitu kingine kabisa.

Simu za siku hizi zina nafasi kubwa zaidi, zinahesabu mpaka 9223372036854775807, yaani miaka bilioni 292 hivi, dogo atasogeza tarehe mpaka achoke. Nikaigawa na hiyo, nikitegemea ukaidi uleule. Imekatika kwa 7 tu, tena jibu lake nalo likakatika kwa 7.