"Nifute, Mwalimu?"

Leo ni siku ya tano tangu tuende kijitoni, na bado nalisikia swali la yule binti wa dawati la nyuma ambaye nimekwisha kumtaja humu mara kadhaa. Wiki yenyewe imekuwa na mambo makubwa, kwani mwalimu mkuu ametangaza kustaafu na mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike, lakini kila ninapokaa kuyaandika hayo, kalamu hurudi kwenye maneno mawili tu.

Makundi manne yalikuwa yakipima oksijeni iliyoyeyuka majini, kila kundi mahali pake. Matatu yalisoma miligramu 8 kwa lita. Yeye, aliyekuwa amechota kwenye kona iliyotulia chini ya matete, alisoma 4. Nikainama, nikaitazama karatasi yake, nikasema, "Hapo umekosea. Andika kama wenzako." Akauliza kwa sauti ya chini, "Nifute, Mwalimu?" Nikamjibu, "Futa." Akafuta.

Hakubisha, wala hakununa. Angebisha, pengine ningezinduka palepale. Ni mimi niliyewafundisha kwa wiki tatu kusuuza chupa mara 3 kwa maji ya palepale wanapochota, kusimama upande wa chini wa mkondo ili tope la miguu yao lisiingie katika sampuli, kuuelekeza mdomo wa chupa kule maji yanakotoka, na kuandika wanachokiona hata kama hakiwapendezi. Hilo la mwisho nililirudia hadi wakalikariri. Kisha ikatosha tarakimu moja isiyofanana na nyingine, nami nikaamuru ifutwe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nalijua vizuri kosa la wanafunzi katika kipimo hiki. Kichupa kisipojazwa kwa uangalifu, kiputo cha hewa hubaki ndani. Wanapokitikisa ili vidonge viyeyuke, oksijeni ya kiputo huingia majini, na rangi inayoonyesha kiasi cha oksijeni hukolea kupita inavyostahili. Kosa hilo hupandisha kipimo, halikishushi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 25, na kwa joto hilo maji yasiyo na chumvi hushika oksijeni ya miligramu 8 na kidogo tu yakiwa yameshiba. Kwa hiyo, kama kulikuwa na karatasi ya kutiliwa shaka, ilikuwa vigumu kuwa yake. "Nifute, Mwalimu?" Nilipaswa kumjibu, "Nionyeshe ulipochota."

Jana usiku nilisahihisha madaftari. Nilipofika kwenye lake niliuinua ukurasa kwenye mwanga wa taa, na ile 4 ilikuwa bado inaonekana chini ya 8, imechimba karatasi kwa sababu yeye huandika kwa kukandamiza kalamu ya risasi. Nikafungua ukurasa uliofuata, ule wa wadudu, nikasahau usingizi. Wenzake walikuwa wamehesabu mabuu yenye mikia mitatu, wale wanaopenda maji yenye hewa ya kutosha. Yeye hakupata hata mmoja. Alikuwa amechora vijidudu vyembamba kama uzi, akaandika pembeni: "Vyekundu sana, vinajikunja na kujikunjua, vipo 11, vyote topeni." Wekundu ule ni hemoglobini, ambayo huviwezesha kuishi mahali penye oksijeni haba. Binti huyu hakuwa amefundishwa jambo hilo, maana nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya muhula ujao. Alikuwa ameandika alichokiona, na tope la kona ile lilikuwa limemshuhudia.

Leo asubuhi nilimwita kabla ya kengele. Nikamwambia, "Mwanangu, ile 4 ilikuwa yako kwa haki, nami nilikosea nilipokuambia uifute. Nisamehe." Aliinamisha kichwa, akatabasamu, kisha akauliza kama tunaweza kwenda kupima tena kesho kwenye kona ileile, saa ileile. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, nikashinda siku nzima moyo mweupe.

Sasa ninapoandika haya mvua imeanza kunyesha, tena si ya manyunyu. Ikinyesha hadi alfajiri, kijito kitajaa, maji ya pale kwenye matete yatavurugwa na kuchanganyika na yale ya mkondo, na huenda kesho kichupa chake kikasoma 8 kama vya wenzake. Nimeshakwenda dirishani mara tatu.