Nyuso kumi na moja

Leo asubuhi binti yangu ameunguza korosho jikoni. Kikaango kimetolewa kitambo, madirisha yako wazi, upepo wa Shangani, hapa Mtwara, unapita kama kawaida yake, lakini harufu imeng'ang'ania kwenye mapazia. Nimeshindwa kufanya kazi. Imenirudisha kwenye ile karakana ya kubangua korosho kule Chikongola, msimu wa 2016, saa nane usiku, mlango wa kabati la kukaushia ukiwa wazi.

Kabati nililichora mimi. Mama mwenye karakana alitaka kitu kimoja tu: hewa ya moto ifike kwenye kila trei sawasawa. Korosho ikishabanguliwa hukaushwa kwa joto la nyuzi 70 hivi, kwa saa kadhaa, ili ule utando mwekundu ulegee na kutoka kwa vidole. Ikikauka kupita kiasi inavunjika, na bei ya vipande si bei ya korosho nzima. Isipokauka, utando unagoma, wamenyaji wanachokora kwa kisu mpaka wanaichubua. Nikafanya simulesheni ya hewa, yaani kuuiga mwendo wake ndani ya kompyuta, kwa programu iitwayo OpenFOAM, nikapata picha ambayo rangi yake imetulia kutoka trei ya juu hadi ya chini. Nikampelekea. Fundi akachomelea, feni ikafungwa, tukajaza trei.

Saa nane mama akavuta trei ya chini kabisa, upande wa kushoto. Hakusema kitu. Akaokota korosho moja, akaiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua. Utando haukutoka. Akaokota ya pili. Ya tatu. Kisha akavuta trei ya juu upande wa kulia; hiyo ilishageuka kahawia, akiibonyeza inakatika. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kumenya walisimama nyuma yake, kanga wamezifunga kiunoni, wakinitazama mimi wala si kabati. Mama akaniwekea kiganjani korosho mbili, ya chini na ya juu. Ya chini ilikuwa na uvuguvugu, kama kitu kilichotoka kushikwa na mkono wenye jasho.

"Mwanangu," akasema, "upepo wako haukufika huku."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikawasha kompyuta kabla ya adhana. Nilijua ninachokwenda kukitafuta, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Simulesheni huanza na wavu: nafasi yote ya hewa hukatwa seli ndogo ndogo, kompyuta ikakokotoa kinachopita kutoka seli moja kwenda ya jirani kupitia uso, yaani ukuta mdogo zinaochangia. Mstari unaounganisha vitovu vya seli mbili ukiutoboa uso huo wima, hesabu inakuwa safi. Ukiutoboa kwa upogo, inabidi kusahihisha, na kadiri pembe inavyokua ndivyo masahihisho yanavyozidi kuimeza hesabu yenyewe. OpenFOAM huonya pembe ikipita nyuzi 70. Wavu wangu ulikuwa na seli 600,000, wastani wa pembe nyuzi 9, na nyuso 11 zilizovuka 70. Kumi na moja kati ya karibu milioni mbili. Onyo liliandikwa, limewekewa kinyota, na chini yake programu ikamalizia kwamba wavu uko sawa. Nililisoma. Nikautazama ule wastani, nikaendelea. Sikuuliza hizo 11 ziko wapi.

Asubuhi ile nikaziuliza. Programu huzihifadhi katika faili lake, ni kulifungua tu. Zote zilikuwa zimerundikana sehemu moja: mwanya kati ya trei za chini na ukuta wa kushoto. Mwanya wa milimita 15, na ndani yake seli moja. Hewa ikipita kwenye seli moja haina pa kusimama ukutani na kukimbia katikati. Inapewa kasi moja tu, ya uongo. Nyuso zile peke yake zisingeharibu kabati zima. Zilikuwa zinanionyesha mahali ambapo wavu umelazimishwa. Juu ya hapo nilikuwa nimetumia ukokotoaji mwepesi zaidi ili kazi iishe haraka, na mkondo wa hewa uliopaswa kugandamana na ukuta wa kulia ukasambaa pichani kama wino kwenye shuka.

Jumamosi nikavuka na kivuko kwenda Msangamkuu. Mjomba alikuwa barazani anatengeneza wavu, mbawa zenye macho mapana, mfuko wenye macho madogo. Nikamwamkia, nikakaa. Pale mbawa zinapokutana na mfuko aliweka vipande viwili vya macho ya kati. Nikamuuliza kwa nini haungi moja kwa moja.

"Ukiruka hivyo, mjomba, unachanika papo hapo," akasema, wala hakuinua macho.

Wake unavua dagaa, wangu unahesabu upepo. Sikutaka kuvilinganisha sana. Lakini niliporudi, jambo la kwanza nililolishika ni hilo: seli isiizidi jirani yake zaidi ya mara 1.2. Kwenye ule mwanya nikaweka seli nane badala ya moja, katikati ya kabati nikazipunguza. Jumla ikabaki 600,000 zilezile. Wavu wa zamani ulikuwa umeniambia kasi ya hewa kwenye ile kona ya chini kushoto ni mita 0.6 kwa sekunde. Mpya ukasema 0.21. Nikautia seli milioni 1.4: 0.17. Milioni 3.2: 0.16. Huo wa mwisho ulikula siku nne, umeme ukikatika naanzia nilipohifadhi. Namba ilipoacha kutembea ndipo nikaamini.

Tukafunga mabati mawili yaliyokunjwa juu, chini ya feni. Kona ikakauka, ingawa mpaka leo mama huzungusha trei mara moja kila usiku, na sijui kama ni kwa haja au kwa kutoniamini.

Mzigo wa usiku ule uliharibika wote. Hakunidai hata shilingi. Aliwaambia watu feni ilikuwa na kasoro, nami nikanyamaza.

Jana amenipigia, anataka kabati la pili, kubwa zaidi. Jumatatu nakwenda kupima chumba. Nimeichapisha ile ripoti ya zamani, ukurasa mmoja, mstari wa nyuso 11 uko katikati. Nimeikunja, nimeitia mfuko wa shati, nimeitoa tena. Iko hapa mezani, kando ya futi.