Herufi mbili zisizosomwa

Jana usiku nilituma barua ya kuomba kazi. Asubuhi naisoma tena, nikashtuka: mahali pa "right" nimeandika "write". Kompyuta haikunionya, maana yote mawili ni maneno halali na yanatamkwa sawa kabisa. Imeniuma, kwa sababu barua ile niliiandika kwa moyo wote.

Leo nimeshinda na kamusi. Jamani, neno hili dogo "right" limebeba mzigo! Ni upande wa kulia, ni sahihi, ni haki ya mtu, ni pembe ya nyuzi 90, ni kuinua kilichopinduka kikae sawa, na hata kwenye "right now", yaani sasa hivi, limo. Kilichonigusa zaidi ni kuona usahihi na haki vikikaa ndani ya neno moja.

Na hiyo "gh" isiyosomwa? Zamani ilisomwa. Kiingereza cha kale kiliandika "riht", na h yake ilisikika kama mkwaruzo, karibu na kh ya kheri ila laini zaidi. Wajerumani bado wanayo sauti ya aina hiyo kwenye "recht". William Caxton alileta uchapaji Uingereza mwaka 1476, na taratibu tahajia ikaanza kuganda. Sauti ikafa, herufi zikabaki. Ndiyo hizohizo zilizomo kwenye "night" na "light", na tangu leo naziangalia kwa heshima.

Barua nimeituma upya. Safari hii nimepitisha kidole juu ya neno lile, herufi moja moja: r, i, g, h, t.