Konokono Wapandao Michu ya Mida

Nilipanda matatu ya Malindi kutoka Mombasa, nikashuka Mida kabla ya kufika Gede, kisha nikaishika njia ya mchanga inayoteremka hadi kwenye mikoko. Hori ya Mida, mkono wa bahari ulio karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, ni sehemu ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, na wageni wengi huijia kwa ajili ya ndege. Mimi nilikuwa nimewafuata konokono, jambo lililomchekesha kidogo mzee aliyenitembeza. Nilichagua kwa makusudi siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, badala ya siku za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo tu, kwa sababu katika pwani hii maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, hivyo mtu hupata nafasi ya kulitazama tope likiwa wazi, kisha likifunikwa mchana huohuo.

Ukanda wa juu, upande wa nchi kavu, ni wa michu, aina ya mikoko ambayo mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama penseli zilizosimikwa. Hapo huishi konokono ambaye wataalamu humwita Cerithidea decollata, mwenye gamba jembamba la sentimita 3 hivi. Mzee aliokota mmoja akaniwekea kiganjani: ncha ya gamba ilikuwa imekatika, na penye mkato pamezibwa vizuri, kwani konokono wa aina hii hupoteza ncha hiyo wanapokomaa. Wenzake walikuwa wametapakaa chini, wakitambaa polepole na kula tope laini la juu pamoja na mwani mdogo mno unaoota humo.

Adhuhuri ilipopita, maji yakiwa bado mbali kiasi cha kutoonekana, walianza kuelekea mashinani na kupanda mmoja baada ya mwingine.

“Mzee, hawa wanakimbia jua?” nilimwuliza.

“Jua liko kila siku, mwanangu. Rudi siku za maji mafu uone kama watajisumbua.”

Jibu lake linakubaliana na kazi ya watafiti wa Kiitalia waliowachunguza konokono hawa katika pwani ya Kenya kwa miaka mingi. Waliona kwamba konokono hupanda mapema kabla ya maji kufika, na kwamba hutua takriban sentimita 40 juu ya kimo ambacho maji yatafikia, kimo ambacho si kimoja kwa bamvua na maji mafu, wala kwa maji ya mchana na ya usiku. Kwangu mimi hilo ndilo la ajabu kuliko yote niliyoyaona Mida: kiumbe asiye na macho ya kuona mbali anakisia bahari ambayo haijamfikia. Anachokikwepa, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni kaa waogeleao wanaoingia na maji kuwinda. Akishafika juu hujigandisha kwa ute kwenye ukingo wa gamba lake, akaning’inia hapo hadi maji yapwe.

Chini zaidi, penye mikoko yenye mizizi ya matao, yupo jamaa yake mkubwa, Terebralia palustris, ambaye gamba lake huweza kupita sentimita 10. Akiwa mdogo hula tope na mabaki laini. Akikua, meno ya ulimi wake hubadilika, akaanza kutafuna majani makavu ya mkoko. Tulikuta jani moja limezingirwa na kundi zima. Harufu ya jani linaloliwa huwavuta wengine, nao wakishakuwa wengi juu yake, kaa anayetaka kuliburuta hadi shimoni hushindwa.

Konokono hawa wa topeni hutaga mayai ndani ya ute, na watoto wanaoanguliwa huwa viluwiluwi wanaoelea majini kabla ya kurudi chini kuanza maisha ya kutambaa. Littoraria scabra, yule mdogo anayekaa kwenye mashina na mizizi bila kushuka topeni kula, ana njia nyingine. Jike huyatunza mayai ndani ya mwili wake, kisha huwaachilia watoto wakiwa tayari kuogelea. Hivyo hata huyu aliyeihama bahari maisha yake yote bado anaihitaji ili kizazi chake kisambae.

Atakayetaka kuwaona wakipanda aulize kwanza habari za mwezi. Aende siku chache baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, awe kwenye michu ifikapo saa saba mchana, na avae viatu ambavyo hatavijutia. Siku za maji mafu, huku juu maji hayafiki, na konokono hubaki topeni wakila.