Leo nimeipika programu mwenyewe

Jamani, leo nimepika programu kwa mikono yangu, yaani nimeijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake!

Miaka yote naipa Linux yangu amri ya apt, inaniletea kila kitu kimeshaiva. Leo nikataka toleo jipya la htop (programu ya kuonyesha kazi zinazoendelea kwenye kompyuta) ambalo kwenye hazina ya Debian yangu, aina ya Linux ninayotumia, halijafika. Nikapakua msimbo chanzo, nikaufungua kwa amri ya tar, nikaandika ./configure, inayokagua kama vinavyohitajika vipo.

Mistari ikateremka kama mvua.

Halafu kimya. Kosa: ncurses, maktaba ya kupanga maandishi kwenye skrini, haipo.

Haipo vipi, na ninayo? Nusu saa nzima nabishana na skrini. Kumbe maktaba yenyewe ninayo kweli, ila ya kutumia tu. Ya kujengea inahitaji faili za vichwa (zinazoeleza maktaba ina nini ndani), na hizo Debian huziweka kwenye kifurushi cha pembeni chenye mkia wa "-dev". Libncurses-dev. Herufi tatu tu zimenitoa jasho!

Nikakisakinisha, nikarudia ./configure, kisha make, amri ya kujenga yenyewe. Feni ikavuma, nami nimekodoa macho kama nasubiri matokeo ya mtihani.

Mwisho, amri ya kusakinisha: sudo make install. Ikatua kwenye folda ya /usr/local/bin.

Nimeifungua na kuifunga mara sita, bila sababu yoyote 😂

Wenzangu, nyinyi kosa lililowatoa jasho mara ya kwanza lilikuwa lipi?