Siku moja ya Madamu Bunduki

Hilo jina wamenipa watoto wa shule, mi sikuomba. Kazi yangu nazunguka shule za msingi huku Dar nafundisha watoto wafanye nini wakikuta silaha, na kabla hujauliza kama walivoniuliza shemeji zangu wote kwenye kikao cha harusi juzi, hapana, simfundishi mtoto kulenga shabaha. Namfundisha asiguse. Nimekaa getini na shotigani miaka 9 nalinda mali za watu, kile chuma nakijua.

Saa 11 alfajiri naamka, chai ya rangi, napanga begi. Chati, chaki, daftari, na bastola ya mti niliyochongewa na fundi wa Keko, kaipaka rangi nyeusi hadi inatisha. Naiviringisha kwenye kanga na barua naiweka juu kabisa, maana kuna siku konda alisukuma begi langu chini ya siti akahisi mtutu, we, gari lilisimama palepale na nusu ya abiria walishuka hata chenji hawakudai.

Saa 12 na nusu nipo Tazara naunga gari la Gongo la Mboto. Nimesimama mpaka mwisho wa safari.

Saa 1 na nusu nimefika shule, na hapa ndo siku ilipoanza kuharibika. Barua ninayo, ya afisa elimu kata, ina muhuri na sahihi. Mwalimu wa zamu kaisoma, kaigeuza kasoma na nyuma ambako hamna kitu, kaniambia mama, mkuu yupo kikaoni, kaa hapo kwenye benchi. Nikakaa. Saa 2 ikapita, kengele ikagongwa, saa 3 jua limeshafika magotini, kila mwalimu anayepita ananiuliza umehudumiwa mama, nasema namsubiri mkuu, anasema aah, yupo kikaoni.

Akaja mzazi mmoja kufatilia mchango wa mwanae, akakaa na yeye kwenye benchi langu. Kaniuliza nimekuja na shida gani, kosa langu nikamjibu ukweli. Baba yule alinigeukia mwili mzima. "Kwahiyo we ndo unakuja kuwafundisha watoto wetu ujambazi?" Nikamweleza taratibu. "Kwangu hakuna bunduki, mwanangu ataiona wapi?" Nikamweleza tena. "Hao wanaowatuma wanawalipa dola ngapi?" Dola! Posho yangu elfu 20, nauli humohumo na maji ya kunywa humohumo.

Nikamwambia baba, hapa ulipokaa ni Gongo la Mboto. Tarehe 16 Februari 2011 maghala ya jeshi yalilipuka usiku, mabomu yakarukia kwenye nyumba za watu, watu wakakimbia na watoto mgongoni hawajui wanakokwenda. Na Mbagala ilishatokea hivohivo tarehe 29 Aprili 2009. Wanajeshi walipita mitaani kuokota yale ambayo hayajalipuka. Leo mtoto wa darasa la tatu hajui hata habari hiyo, akikuta chuma kimechimbuka kwenye msingi wa nyumba anapiga hesabu ya kilo kwa mnunua skrepa. Ngara, kule Kagera, mwaka 2017 mwanafunzi aliokota bomu la mkono akidhani chuma chakavu, likalipukia shuleni, watoto wakafa. Yule baba kanisikiliza, kakohoa, kasema "hayo mambo ya jeshi bwana" kaondoka. Mchango wenyewe sidhani kama alilipa.

Mkuu katokea saa 4, muda wa uji. Akanipa dakika 40, darasa la tatu, mkondo A kisha B. Masaa mawili na nusu benchi, dakika 40 darasa!

Mkondo A watoto 118. "Shikamoo madamuuu!" Nauliza nani ameshaona bunduki, mikono yote juu. Wapi? Benki! Sheli! Kwa mlinzi wa duka la mhindi! Kisha kasichana kamoja kadogo kanasema taratibu, "kwa baba mdogo, juu ya kabati." Hapo sichimbui mbele ya darasa. Naandika jina kwenye daftari naendelea kama sijasikia kitu.

Kanuni ni nne: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Hizi asili yake Marekani, chama cha wenye bunduki cha huko, NRA, kilianza nazo mwaka 1988 wakamtumia tai anaitwa Eddie. Mi tai nimemuacha hukohuko. Mtoto wa Dar anamjua kunguru, anayebeba sabuni bombani na kijiko kwenye beseni la vyombo. "Nani anaokota kila kinachong'aa?" "Kunguruuu!" "Nyie kunguru?" "Hapanaaa!" Darasa zima linacheka, kanuni wanaimba kama wimbo.

Sasa wimbo ndo unaodanganya watu. Watafiti wa hukohuko Marekani walishapima, mtoto anakutajia kanuni zote bila kukosea, ukimuacha peke yake na bunduki anaishika. Ndo maana nina ile bastola ya Keko. Naificha kwenye boksi la chaki ofisi ya walimu halafu nawatuma wawili wawili wakaniletee dasta, mi nipo dirishani nachungulia.

Kijana aliyeimba kwa sauti kuliko wote ndo aliingia wa kwanza. Kafungua boksi. Katulia. Kaangalia mlango. Kisha mkono ukaingia, kidole kikaenda chenyewe kwenye triga, hakuna aliyemfundisha, na kaigeuza mtutu kaingiza jicho moja ndani achungulie kuna nini. Mwalimu wake tuliyekuwa naye dirishani aliacha kupumua. Nilipoingia mtoto akaanza kulia. Sikumgombeza, nimemwambia turudie. Mara ya pili kagusa kidogo na kidole. Mara ya tatu kasimama, mikono nyuma, katoka mbio kaja kunishika gauni, "madamu kuna bunduki kwenye boksi!" Hiyo ndo mishahara yangu.

Na kale kasichana ka habari ya juu ya kabati, mara ya kwanza tu, hakakugusa, kalimvuta mwenzie kwa shati wakatoka nje.

Baada ya hapo sijui tena ilikuwa saa ngapi. Mkondo B joto, sauti imekata, dakika 40 zikawa saa nzima na mkuu hakusema kitu. Nimeandika 116 ubaoni, simu ya watoto, ni bure. Nimeongea na mwalimu wa malezi pembeni. Ugali wa kwa mama ntilie nilikula umepoa. Foleni kurudi nimelala nimesimama, begi kifuani.

Usiku mwalimu wa malezi kanitumia meseji. Kaenda mwenyewe nyumbani kwa yule mtoto, baba mdogo ni mlinzi, akitoka lindo anarudi na silaha anaiweka juu ya kabati, mama anasema watoto hawafiki. Mwalimu kaandika, "lakini madamu, stuli ipo pembeni ya kabati."

Nimemjibu kesho saa 2 nipo, amwambie baba mdogo naye awepo.