Nembo ya Land Rover ya babu

Hatimaye nembo imerudi mahali pake! Land Rover ya marehemu babu, toleo la Series IIA, imekaa chini ya mwembe hapa Isevya, Tabora, miaka mingi. Mbele ina kibati cha aluminiamu chenye umbo la yai, kimeandikwa Land-Rover, na Solihull, mji ilikoundwa huko Uingereza. Fundi mmoja aliwahi kukipulizia rangi ya bodi chote, herufi zikapotea. Iliniuma sana.

Nilitoboa riveti taratibu, nikakichomoa. Rangi ya zamani niliitoa kwa thina, pamba na mswaki laini, usiku mbili. Jirani alinishauri nikiloweke kwenye kostiki, nikakataa katakata. Kostiki hula aluminiamu, na herufi zenyewe zimenyanyuka unene wa ukucha tu.

Kazi tamu ilikuwa kupaka. Rangi ya kijani niliidondosha kwa bomba la sindano, tone kwa tone, nikaiacha itambae yenyewe hadi kwenye kingo za herufi. Brashi huacha mistari, siitaki kwa kazi hii. Nikakifunika kwa bakuli siku tatu. Vumbi la kiangazi la Tabora mnalijua. Kisha nikazungushia msasa namba 2000 kwenye kipande cha kioo, nikaulowesha, nikapitisha juu juu. Herufi zikatoka moja moja, zinang'aa.

Bibi alizipapasa kwa kidole, akasoma kwa sauti. Halafu akaomba kiti, akakaa pale pale mbele ya gari mpaka magharibi.